Wanafunzi wazungumzie wapi? Kundi la WhatsApp, jukwaa la Moodle, darasa la video au Jumamosi ana kwa ana

Mkufunzi anayeandaa kozi ya mtandaoni au ya mseto hapa Nairobi hukwama mahali pamoja: noti zipo, slaidi zipo, mtihani upo, ila hajui wanafunzi wakutane wapi kuzungumza. Swali hili lilianza kusumbua wengi shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020, na halijaisha. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023 kikiwa na masomo ya mtandaoni tangu mwanzo, na vyuo vidogo vya ufundi, uhasibu na malezi ya watoto navyo vimefungua madarasa ya aina hiyo. Kinachotofautisha kozi hizi mara nyingi si ubora wa noti.

Mwaka 1989 Michael G. Moore, mtafiti wa elimu ya masafa, aliyagawa maingiliano ya mwanafunzi katika aina tatu: na somo lenyewe, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Mwaka 2003 Terry Anderson wa Kanada akatoa hoja inayowatuliza wenye bajeti ndogo: aina moja ikiimarishwa sawasawa, nyingine mbili zinaweza kupungua na mtu bado akajifunza kwa kina. Kwa hiyo si lazima ufanye kila kitu. Unalopaswa kujua ni mazungumzo ya namna gani kozi yako inayahitaji, ndipo utafute mahali pake. Wengi huanza na programu, kisha wanashangaa kwa nini watu wako kimya ndani yake.

Hapa tunalinganisha njia nne kwa vigezo vilevile vitano.

Vigezo

*Bando na kifaa.* Wanafunzi wengi wa jiji hili huingia darasani kwa simu, kwa bando wanalojinunulia, na wengine hiyo simu inatumiwa na watu wawili nyumbani. Weka maswali matatu kwenye fomu ya usajili: unatumia simu au kompyuta, kifaa ni chako peke yako, na unapata Wi-Fi wapi na saa ngapi. Majibu hayo matatu yataamua zaidi ya nusu ya jambo hili.

*Wakati.* Je, ni lazima watu wawepo kwa pamoja, au kila mmoja anachangia anapopata nafasi? Mlinzi wa zamu ya usiku Industrial Area na karani anayetoka kazini Upper Hill saa kumi na moja jioni hawana saa moja ya pamoja katikati ya wiki.

*Zamu ya kusema.* Hiki husahaulika, nasi tunakipa uzito kuliko vingine. Wanafunzi 30 wakisema dakika mbili kila mmoja, saa nzima imekwisha kabla mkufunzi hajafungua mdomo. Uliza: kwa njia hii, yule asiyependa kujitokeza atapata zamu yake bila kuipigania?

*Kumbukumbu na faragha.* Jibu lililotolewa wiki ya pili litapatikana wiki ya nane? Na nani anaona namba, uso na sebule ya nani? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa yoyote inayomtambulisha mtu ni data binafsi, namba ya simu ikiwemo.

*Mzigo wa mkufunzi.* Saa ngapi kwa wiki, na je, kazi ina mwisho au inamfuata hadi kitandani?

Kundi la WhatsApp

*Bando na kifaa.* Hapa WhatsApp haina mpinzani. Kila mtu anayo, hakuna nywila ya kusahau, maandishi hayali chochote, na ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki nusu MB. Kinachomaliza bando na kujaza simu ni picha na video zinazopakuliwa zenyewe. Siku ya kwanza, waambie wote waingie kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, wazime upakuaji wa kiotomatiki wa video na nyaraka. Wapo wanafunzi wanaojiondoa kundini si kwa kuchoka na kozi bali kwa sababu simu ya GB 32 imejaa.

*Wakati.* Mtu anaweza kuandika saa yoyote, lakini mazungumzo yanakimbia. Aliyekuwa kazini akirudi jioni anakuta jumbe 60, anasogeza hadi chini, anaandika “noted” na basi. Dawa yake ni dirisha: swali linafunguliwa Jumanne saa moja jioni, linafungwa Alhamisi saa moja jioni, na katikati ya hapo hakuna swali jingine linaloletwa.

*Zamu ya kusema.* Katika kundi la watu 30 wanaosikika ni wenye vidole vyepesi. Gawa watu sita hadi nane kwa kila kundi na hali hubadilika, kwa sababu kutoweka kwa mtu mmoja kati ya saba kunaonekana. WhatsApp ina faida nyingine ambayo wakufunzi wengi huiona kama kasoro: wanafunzi huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na kwa mchanganyiko huohuo wanaelezana mambo vizuri sana. Walewale, ukiwahamishia kwenye jukwaa lenye alama, huandika Kiingereza kigumu kilichonyooka kama rula. Kama lengo ni kuelewana, waache waseme wanavyosema.

Sauti nazo zina kanuni zake. Weka kikomo cha dakika moja na kila mtu aanze kwa kutaja namba ya swali analojibu. Sauti ya dakika nne husikilizwa na aliyeirekodi tu. Na kama darasani kuna mwanafunzi kiziwi, kila sauti iambatane na mistari miwili ya maandishi.

*Kumbukumbu na faragha.* Dhaifu. Unaweza kubandika jumbe tatu juu ya kundi, kwa siku 30 zaidi. Anayejiunga amechelewa asitegemee kukuta yote yaliyotangulia. Hakikisha jumbe zinazojifuta hazijawashwa, na fundisha lebo moja kwa kila wiki, mfano #wiki3, ili mtu aweze kutafuta. Kuhusu faragha, kila mwanachama anaona namba ya kila mwenzake, na wanawake ndio hupigiwa simu za usiku zisizo na maana. Omba idhini kwenye fomu ya usajili kabla ya kumwingiza mtu kundini, umpe na njia nyingine endapo atakataa.

*Mzigo wa mkufunzi.* Unaonekana mwepesi, kisha unakuwa mzito kuliko yote kwa sababu hauna saa ya kufunga. Tangaza saa zako, tuseme saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na uzifuate wewe mwenyewe kwanza: ukijibu mara moja saa tano usiku, kanuni imekufa. Tenganisha kundi la matangazo, ambamo wasimamizi pekee wanaandika, na makundi ya majadiliano. Halafu kuna michango ya matanga, matangazo ya nyumba za kupanga na biashara ya viatu. Kuyakataza hakusaidii. Mwakilishi wa darasa afungue kundi la pili ambalo wewe mkufunzi hutakuwamo, na hayo yahamie huko.

*Inawafaa* wenye kozi fupi ya hadi wiki sita, darasa dogo, na kazi za mikono ambazo picha inasema: mshono, kiungo cha chuma kilichochomelewa, sahani iliyopambwa. Haiwafai wanaotaka kutoa alama kwa michango, maana kuhesabu nani alisema nini ndani ya maelfu ya jumbe ni adhabu.

Jukwaa la mjadala kwenye Moodle

Moodle ni mfumo wa bure uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na vyuo vingi nchini vinautumia. Tunausema kwa jina, lakini mengi ya hapa yanahusu jukwaa lolote la maandishi lililopangwa kwa mada.

*Bando na kifaa.* Kurasa ni nyepesi. Programu ya simu ya Moodle humwezesha mtu kupakua sehemu za kozi akiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au maktaba, akasoma na kuandika mchango wake bila intaneti, nao ukatumwa akipata mtandao tena. Kizingiti ni kuingia. Nywila husahaulika, barua pepe iliyosajiliwa ni ya saiba ya zamani, na mwanafunzi anaona aibu kuuliza. Tenga dakika 20 za kipindi cha kwanza, kila mtu aingie na aandike mstari mmoja jukwaani palepale msaada upo. Asiyefanya hivyo siku ya kwanza, wengi wao hawafanyi kamwe.

*Wakati.* Ndiyo nguvu ya jukwaa. Mwenye zamu ya usiku na mama anayenyonyesha wana nafasi sawa na wengine. Ila tarehe moja ya mwisho haitoshi: ukisema “Jumapili”, wote wataandika Jumapili saa tano usiku na hakuna atakayemsoma mwenzake. Weka tarehe mbili. Mchango wa kwanza Jumatano, majibu mawili kwa wenzako Jumapili.

*Zamu ya kusema.* Hakuna anayemkata mwenzake kauli, na mkimya ana muda wa kupanga maneno. Lakini jukwaa pia ndipo mahali pa majibu matupu: “Nakubaliana nawe, hoja nzuri.” Kosa hapo huwa ni la swali. “Jadili umuhimu wa kutunza hesabu” lina jibu moja ambalo wa kwanza ataliandika na 29 watalirudia. Linganisha na hili: mfanyabiashara wa Marikiti amenunua magunia 20 ya viazi, matano yameoza kabla hajauza, hasara hiyo aiandike wapi, na je, jibu linabadilika kama muuzaji amekubali kumrudishia nusu ya pesa? Sasa kuna la kubishania. Mwagize kila anayejibu anukuu sentensi moja ya mwenzake, aipinge au aiongezee mfano.

Moodle ina aina ya jukwaa ambapo mwanafunzi haoni michango ya wengine mpaka aandike wake. Inazuia kunakili, na ni nzuri kwa maswali ya hesabu na ya uamuzi. Fahamu jambo moja linaloleta simu nyingi: kwa mpangilio wa kawaida, mtu ana dakika 30 za kuhariri alichoandika, na hadi zipite bado haoni ya wenzake. Hudhani mfumo umeharibika, anaandika tena na tena. Sentensi moja ya maelezo juu ya swali inamaliza shida hiyo.

Siku hizi kuna michango iliyoandikwa na mashine, laini na isiyo na kosa. Kuiwinda kunachosha. Badala yake uliza kitu ambacho mwanafunzi lazima akikusanye mwenyewe: bei za leo kwenye duka la mtaani kwake, picha ya risiti, maneno aliyoambiwa na fundi.

*Kumbukumbu na faragha.* Bora kuliko zote nne. Kila mada inabaki mahali pake, inatafutika, na hakuna namba ya simu inayoonekana. Mwanafunzi kipofu anayetumia kisoma skrini hufuatilia vizuri, mradi usiweke swali ndani ya picha.

*Mzigo wa mkufunzi.* Unapimika. Wanafunzi 30 wakiandika mara tatu kwa wiki ni michango 90, na kwa dakika moja ya kusoma kila mmoja ni saa moja na nusu kabla ya kujibu. Usijibu yote. Mkufunzi anayejibu kila mchango huua mazungumzo, kwa sababu wanafunzi huanza kumwandikia yeye. Jibu kama mmoja kati ya minne, hasa uliokosa mjibuji, na Jumatatu andika muhtasari wa aya mbili ukitaja majina ya waliosogeza hoja. Angalia pia arifa: jukwaa likilazimisha barua pepe kwa kila mchango, watu huzizima zote, pamoja na tangazo la mtihani. Shauri watumie muhtasari wa mara moja kwa siku.

*Inawafaa* wenye kozi ya muhula mzima, masomo ya hoja na uamuzi, na wanafunzi walio mbali au wenye zamu. Haiwafai wanaohitaji jibu sasa hivi, wala darasa la watu watano, ambao watakuwa kama wanaandikiana barua.

Darasa la video la papo hapo

*Bando na kifaa.* Hapa ndipo pesa inapotoka. Video ya kundi kwenye Zoom kwa kilobiti 600 kwa sekunde ni MB 270 kwa saa, na hizo ni za kupokea tu; mwenye kamera iliyowashwa anatuma pia. Kwa ubora wa juu inapita hapo mbali. Sauti pekee ni kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani MB 27 hadi 36 kwa saa. Basi kamera iwe hiari, isipokuwa kwa dakika mbili za salamu. Tuma slaidi kabla, ili anayesikiliza kwa sauti tu afuate akiwa nazo. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano kwa dakika 40. Google Meet ya bure hufika dakika 60 watu wakiwa watatu au zaidi. Kikomo hicho si kibaya kama kinavyosikika, maana dakika 40 zilizopangwa hushinda 90 za kuhutubia.

*Wakati.* Saa mbili usiku ndiyo saa ya wengi, na bado nusu watakuwa ndani ya matatu Thika Road, simu mkononi, sauti ya muziki nyuma yao. Stima nayo hupotea. Panga kipindi ukijua mtu mmoja au wawili watakatika katikati, na rekodi fupi iwepo kesho yake.

*Zamu ya kusema.* Darasa zima kwenye video ni mahali pabaya pa mazungumzo. Watu watatu walewale hufungua maikrofoni, wengine ni majina kwenye miraba myeusi. Mambo mawili hubadilisha hali. La kwanza ni vyumba vidogo ndani ya mkutano huohuo: watu watatu au wanne, dakika nane, na kitu kimoja cha kurudi nacho kilichoandikwa, si “mjadiliane”. Wakiwa sita mmoja hujificha. Zoom ya bure ina vyumba hivyo. Meet ya bure haina, na BigBlueButton, programu ya darasa la video iliyo ndani ya Moodle tangu toleo la 4.0, inavyo. La pili ni sehemu ya kuandika ujumbe. Uliza swali, kila mtu aandike jibu lake bila kutuma, hesabu hadi tatu, wote watume pamoja. Kwa sekunde tano umesikia watu 30.

Ukiuliza kwa sauti, nyamaza sekunde kumi. Mtandao unachelewesha, na mtu anahitaji muda wa kutafuta kitufe cha maikrofoni. Wakufunzi wengi hujijibu wenyewe sekunde ya tatu, na darasa likishajua hivyo halijibu tena.

*Kumbukumbu na faragha.* Rekodi ya saa nzima haitazamwi, na kuipakua ni bando jingine. Kata dakika tano zenye maana au andika nukta saba. Omba idhini kabla ya kurekodi, tena useme itakaa wapi na itafutwa lini. Nyumba ya chumba kimoja Kawangware au Pipeline haina ukuta wa kuweka nyuma yako, na kumlazimisha mtu awashe kamera ni kumfungulia darasa zima mlango wake.

*Mzigo wa mkufunzi.* Maandalizi ni makubwa na kipindi kinahitaji watu wawili: mmoja afundishe, mwingine asome jumbe, awarudishe waliokatika, afungue vyumba. Msaidizi anaweza kuwa mwanafunzi kwa zamu.

*Inawafaa* wanaojifunza lugha, mahojiano, ushauri nasaha, na kila somo ambalo sauti na uso ndiyo kazi yenyewe. Ni nzuri pia kwa viziwi, mradi mkalimani wa lugha ya ishara abaki amebandikwa kwenye skrini muda wote na mwenye kuzungumza asikimbie.

Jumamosi ana kwa ana

*Bando na kifaa.* Bando ni sufuri, nauli ndiyo gharama. Njia nyingi za matatu huishia katikati ya jiji, kwa hiyo anayetoka Rongai kwenda Githurai analipa mara mbili. Ukumbi ulio hatua chache kutoka Railways, Kencom au Odeon hupunguza nauli ya wengi kuliko ukumbi mzuri wa bei nafuu ulio pembezoni. Anza saa nne asubuhi, malizeni saa saba, na mvua ikinyesha tarajia nauli kupanda na watu kuchelewa.

*Wakati.* Siku nzima inaliwa na saa tatu za darasa. Na Jumamosi si siku ya kila mtu: Waadventista Wasabato hawatakuja. Uliza kabla ya kupanga. Jumapili alasiri huwafaa wengi.

*Zamu ya kusema.* Hakuna kinachoshinda watu kukaa meza moja kwa kujenga uaminifu, na uaminifu huo huendelea kulipa mtandaoni kwa wiki kadhaa. Anayemjua mwenzake kwa sura humpinga kwa adabu jukwaani, asiyemjua hunyamaza. Lakini Jumamosi inaharibiwa kwa njia moja tu, nayo ni ya kawaida mno: mkufunzi anasoma slaidi. Slaidi zingesomwa nyumbani. Tumia muda huo kwa mazoezi, kubishana, kushika vifaa, na kuunda vikundi kwa mitaa watu wanakotoka, ili wa Kitengela na Athi River waweze kukutana bila wewe.

*Kumbukumbu na faragha.* Yaliyosemwa hupotea msipoandika. Mtu mmoja apige picha ya ubao, mwingine aandike maneno yake, na yote yaende jukwaani siku hiyohiyo.

*Mzigo wa mkufunzi.* Mzito siku moja, kisha umekwisha.

*Inawafaa* wote walio ndani ya jiji na viunga vyake, na hasa mafunzo ya vitendo. Haiwafai walio Kisumu au Garissa, na mama mwenye mtoto mchanga atakuja kama umesema wazi kwamba anakaribishwa naye.

Ukichanganya

Karibu kila kozi nzuri huchanganya, na mchanganyiko unaodumu huwa na njia kuu moja na msaidizi mmoja. Njia kuu ndipo somo linapojadiliwa. Msaidizi ni wa kukumbushana na dharura. Ukiwa na WhatsApp, Telegram, jukwaa na barua pepe kwa pamoja, swali moja huulizwa mara nne, hujibiwa mara mbili kwa majibu tofauti, na watu huacha kufuatilia.

Mseto mmoja tunauonya: nusu ya wanafunzi wako ukumbini, nusu kwenye skrini, saa ileile. Unaonekana kuwafaa wote. Kinachotokea ni kwamba maikrofoni ya kompyuta inamsikia mkufunzi tu, mwanafunzi wa kiti cha nyuma akiuliza walio mbali hawasikii, wao wakiinua mkono hakuna anayetazama skrini, na baada ya nusu saa wamegeuka watazamaji. Kama huna budi, uwe na maikrofoni inayozungushwa kwa kila anayesema, mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama wa skrini tu, swali la kwanza litoke kwao kila mara, na vikundi vya mazoezi viwe vya wa mbali kwa wa mbali. Kama huwezi hayo manne, tenganisha vipindi.

Chagua kwa hali yako

Una wanafunzi 12 wa ushonaji, wote na simu, wiki nne: WhatsApp ndiyo njia kuu, Jumamosi ya kwanza na ya mwisho ana kwa ana. Video huihitaji.

Una wanafunzi 60 wa diploma walioenea kaunti mbalimbali, wengi wakiwa kazini: jukwaa ndilo kuu, vikundi vya watu kumi, tarehe mbili kwa wiki. WhatsApp ibaki ya matangazo pekee. Ongeza video ya dakika 40 kila wiki mbili kwa yale yaliyokwama jukwaani, si kwa kufundisha upya.

Unafundisha lugha au mazungumzo ya huduma kwa wateja: video ya vyumba vidogo mara mbili kwa wiki, sauti za dakika moja kwenye WhatsApp katikati. Jukwaa la maandishi halitaongeza mengi.

Wote wako Nairobi na bando ni tatizo kubwa: Jumamosi mbili kwa mwezi, na katikati jukwaa linalofanya kazi bila intaneti. Piga hesabu ya nauli na ya bando mkiwa na wanafunzi wenyewe kabla ya kuamua. Kwa wa mitaa ya mbali, nauli ya Jumamosi moja inaweza kuzidi bando la mwezi la sauti tupu.

Unaowafundisha wako chini ya miaka 18: anza na idhini ya mzazi kwa maandishi, tumia jukwaa ambalo namba za simu hazionekani, na usiwaweke kundi moja la WhatsApp na watu wazima. Ukilazimika kutumia WhatsApp, mwanachama awe mzazi.

Kozi imeshaanza na kila mahali ni kimya: usiongeze programu. Rudi kwenye swali ulilouliza wiki hii, lipe tukio halisi lenye majibu mawili yanayoweza kutetewa, wagawe watu saba saba, wape saa 48. Wakiendelea kunyamaza, wapigie simu wanne kati yao uwaulize walikwama wapi. Mara nyingi utaambiwa ni nywila.